Baada ya Oparesheni ya Kansa ya Utumbo, Kulala Tu Ndio Ngori: Hivi Ndivyo Mtu Wako Atasimama Haraka

Pengine ni buda. Pengine ni mathe, ama shosh, ama ni wewe mwenyewe. Daktari ameongea, tarehe imepangwa, na kipande cha utumbo mpana kinatolewa. Familia imeshafungua grupu ya WhatsApp, michango inaingia mdogo mdogo, na kila mtu ana ushauri. Anti anasema mgonjwa asiguse chakula wiki nzima. Mjomba anasema asiinuke, mshono utafunguka. Jirani anasema maji ni kidogo tu.

Wanaongea kwa mapenzi, hiyo hatukatai. Lakini mengi ya hayo madaktari wenyewe waliyaacha kitambo, kwa sababu yalikuwa yanachelewesha mgonjwa kupona. Hii makala ni ya kukupea rada: nini hufanyika kabla, ndani na baada ya hii oparesheni, na kazi yako wewe unayekaa kando ya kitanda ni gani.

Kwanza, hii si kansa ya wazee peke yao

Unamkumbuka Chadwick Boseman, yule King T'Challa wa Black Panther? Aliambiwa ana kansa ya utumbo mpana mwaka wa 2016, ikiwa hatua ya tatu. Alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na filamu kadhaa alizifanya katikati ya upasuaji na kemo bila dunia kujua. Hapa kwetu, Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, alitangaza mapema 2019 kwamba ana kansa ya aina hii ikiwa hatua ya nne. Aliaga Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 41.

Ikipatikana mapema, silaha kubwa ni upasuaji. Daktari anakata ile sehemu yenye uvimbe, anatoa na tezi zilizo karibu, halafu anaunganisha ncha mbili za utumbo zilizobaki. Kuna wale hupasuliwa tumbo wazi, na kuna wale huingiziwa kamera na vyombo kupitia matundu madogo. Ya matundu madogo huwa na maumivu kidogo na mtu hurudi miguuni mapema, lakini si kila hospitali inayo na si kila mgonjwa anafaa.

Mdenmark mmoja aliuliza swali rahisi

Zamani stori ilikuwa moja kila mahali. Unafunga kula kutoka usiku wa manane, unapasuliwa, unawekewa mpira puani, mwingine wa mkojo na dripu juu. Unalala siku baada ya siku ukingoja tumbo liunguruме ndio upewe uji. Kukaa hosi siku 10 ilikuwa kawaida.

Miaka ya tisini, daktari wa upasuaji wa Denmark anaitwa Henrik Kehlet akauliza: huyu mgonjwa bado yuko hapa leo kwa nini? Ni maumivu? Ni tumbo kukataa kufanya kazi? Ni udhaifu wa kulala na njaa? Akaona mengi ya hayo yanasababishwa na vile tunamtunza, si na kisu chenyewe. Mwaka wa 1995 yeye na wenzake wakaandika kuhusu wagonjwa 9 wazee waliopasuliwa utumbo kwa njia ya matundu, wakazimwa maumivu vizuri, wakalishwa mapema na kutembezwa mapema. Wengi walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya siku 2.

Watu walidhani ni mchezo. Lakini mwaka wa 2001 kikundi cha madaktari wa Ulaya, akiwemo Ken Fearon wa Scotland na Olle Ljungqvist wa Sweden, kikaanza kupanga hizo hatua ziwe mpango mmoja. Mpango huo unaitwa ERAS, na leo unatumika nchi nyingi. Wazo lake ni hili: hakuna dawa moja ya ajabu. Ni vitu vidogo kama 20 hivi, na kila kimoja kinasaidia kidogo. Ukivijumlisha, mgonjwa anasimama haraka.

Hospitali yenu inaweza kuwa inafuata mpango wote, nusu yake, ama haijaanza. Ndio maana ni poa wewe ujue cha kuuliza.

Kabla ya siku yenyewe: mwili uende mazoezini kwanza

Fikiria oparesheni kama mbio ndefu. Hakuna msee huamka asubuhi akakimbia bila kujiandaa. Kama kuna wiki chache kabla ya tarehe, zitumie hivi:

- Sigara na shisha ziachwe. Wiki 4 ama zaidi kabla ya upasuaji ndio bora. Moshi unanyima kidonda oksijeni, na unaharibu mapafu yatakayohitajika sana ukiamka. Kuacha sasa ni bora kuliko kutoacha kabisa.
- Pombe nayo ipumzike. Ndio, hata ile ya wikendi. Kama mtu anakunywa kila siku, aambie daktari ukweli, kwa sababu kuacha ghafla pia kunahitaji kuangaliwa.
- Muguka na miraa usifiche. Zinapandisha presha na mapigo ya moyo, zinaua hamu ya kula na zinafunga choo. Daktari wa dawa ya usingizi hakuhukumu, anataka tu kujua akupime aje.
- Damu ipimwe. Uvimbe wa utumbo huvuja damu polepole, kwa hivyo wagonjwa wengi hufika wakiwa na upungufu wa damu. Ikijulikana mapema, anaweza kupewa madini ya chuma kabla ya kufika thieta.
- Dishi. Mayai, omena, maharagwe, maziwa, nyama. Mtu aliyekonda sana kabla ya kisu hupona pole pole.
- Kutembea kila siku. Hata kama ni kutoka kwa keja hadi dukani na kurudi. Pumzi inajengwa sasa, si baadaye.

Na maneno ya chapaa: hakikisha mapema kwamba mchango wa SHA umelipwa na umefika, na uulize hospitali kama idhini ya upasuaji imeshaombwa na kupitishwa. Hiyo stori ya kukimbizana na makaratasi mgonjwa akiwa tayari kwa kitanda cha magurudumu ni noma. Kumbuka pia kila siku ya ziada wodini inaongeza bili. Kupona haraka ni afya, na pia ni karo ya mtu ama rent ya nyumba.

Usiku wa kuamkia thieta: njaa ya bure haisaidii

Ile sheria ya kutogusa chochote kutoka saa sita usiku, hata maji, imepitwa na wakati kwa wagonjwa wengi. Mwongozo wa kisasa unasema chakula kigumu kiishe saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, lakini vinywaji visivyo na maziwa wala makapi, kama maji, vinaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Hospitali nyingine humpa mgonjwa kinywaji maalum chenye wanga, ili mwili usiingie kwa mbio ukiwa umekauka na una njaa.

Angalia hapa: usijitungie. Usimpe soda kwa siri kwa sababu umesoma hapa. Mwenye kisukari, mwenye tumbo linalochelewa kumwaga chakula ama ambaye utumbo umeziba, masharti yake ni tofauti. Wewe uliza tu swali hili: "Daktari, mwisho wa kula ni saa ngapi, na mwisho wa kunywa maji ni saa ngapi?" Jibu uliandike.

Masaa 24 ya kwanza: hapa ndio mchezo unaanza

Mgonjwa ameamka. Ana dripu, ana mpira wa mkojo, amechoka na anaumwa. Moyo wako unakuambia umfunike na umwache alale. Pole, lakini hapana.

*Maumivu yasemwe.* Kuna wazee wetu wanaona kulalamika ni aibu. Buda atauma meno akisema yuko sawa, kumbe hawezi kupumua vizuri wala kukohoa. Mtu asiyepumua kwa kina hukusanya makohozi, na nimonia inaingia hapo. Kwa hivyo mwambie aseme ukweli, kutoka 0 hadi 10. Wauguzi wanatumia dawa za aina tofauti kwa pamoja, kwa mfano parasetamoli pamoja na dawa ya kufa ganzi, ili wapunguze zile kali kama mofini. Mofini inazima maumivu vizuri, lakini inalaza utumbo, na hapa tunataka utumbo uamke.

*Kuamka.* Mpango mwingi wa ERAS unataka mgonjwa aketi ama atoke kitandani siku hiyo hiyo ya oparesheni, halafu aongeze kila siku. Si lazima atembee hadi geti. Anaanza kwa kukaa ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, kisha kiti, kisha hatua kumi hadi kwa dirisha. Mara ya kwanza muuguzi awepo, kwa sababu kizunguzungu ni kawaida.

Mshono hautafunguka kwa kutembea. Umeshonwa kwa tabaka, ukitengenezwa kustahimili hiyo. Kinachomaliza mtu ni kulala. Misuli inayeyuka, mapafu yanajikunja, na damu inaganda miguuni. Lile bonge la damu likisafiri hadi kwa mapafu, linaweza kuua. Kansa yenyewe inafanya damu igande rahisi, ndio maana wagonjwa wengi huchomwa sindano ya kuzuia hilo kila siku, na mara nyingi inaendelea nyumbani hadi wiki 4. Kama imeandikwa, usiikate katikati eti "ameshapata nafuu."

Ujanja mmoja: akitaka kukohoa, kucheka ama kuinuka, akumbatie mto mdogo tumboni na kuubana. Uchungu unapungua. Halafu apumue kwa kina mara kumi kila saa akiwa macho. Weka alamu kwa simu yako, hiyo ni kazi yako sasa.

*Kula.* Hapa ndio vita na anti. Zamani tulingoja ajambe kwanza. Siku hizi, kama hakuna shida, mgonjwa anaanza kunywa mapema na kula kidogo ndani ya masaa 24. Utumbo ukiona kazi, unaamka. Vijiko vichache vya uji, supu, yai laini. Akijisikia kutapika, anasimama na anajaribu baadaye. Usimlazimishe amalize sahani kwa sababu umepika na mapenzi.

*Bigijii.* Hii si mzaha. Kutafuna chingamu kunadanganya ubongo kwamba chakula kinakuja, na utumbo unaanza kujiandaa. Faida yake si kubwa kama mgonjwa ameshaanza kula mapema, lakini ni rahisi na haina bei. Kahawa nayo imeonekana kwenye utafiti kusaidia choo kurudi mapema. Uliza daktari kama mtu wako anaruhusiwa.

*Mipira itoke.* Mpira wa mkojo ukikaa sana unaleta maambukizi, na pia unamfunga mtu kitandani. Kwa upasuaji wa utumbo mpana, mara nyingi hutolewa siku ya kwanza ama ya pili. Si wewe wa kuutoa, lakini ni sawa kuuliza kwa heshima, "Sista, huu mpira unatoka lini?"

Mfuko tumboni: tuongee bila aibu

Si kila mtu hupata, lakini wengine huamka na tundu dogo tumboni ambapo kinyesi kinatokea na kuingia kwa mfuko. Inaitwa stoma. Kwa wengine ni ya muda, ili pale paliposhonwa papone, na kwa wengine ni ya maisha.

Stoma yenye afya ni nyekundu ama ya waridi na ina unyevu, kama ndani ya mdomo wako. Kuvuja damu kidogo ukiifuta ni kawaida. Ikigeuka zambarau iliyokolea ama nyeusi, hiyo ni dharura. Mfuko umwagwe ukifika theluthi hadi nusu, usingoje ujae uvutwe na uzito wake. Tundu la ile sahani ya kubandika likatwe kulingana na ukubwa wa stoma, kwa sababu kinyesi kikigusa ngozi siku nzima kinaichoma. Maji safi na kitambaa laini vinatosha kusafisha. Mafuta ya kujipaka yanafanya mfuko usishike.

Kama stoma imetoka kwa utumbo mwembamba, kinachotoka ni maji maji, na mtu anaweza kukauka upesi. Mwulizie daktari kuhusu chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ORS, na ni kiasi gani kwa siku.

Kabla ya kutoka hosi, mgonjwa na mtu mmoja wa nyumbani wabadilishe mfuko wenyewe, muuguzi akiangalia. Usikubali kuondoka na mfuko mmoja na maneno "mtazoea." Uliza mifuko mingine inapatikana wapi na ni pesa ngapi.

Na we kijana, kama ni mzazi wako, macho yako ndio kioo chake. Ukikunja uso, atajificha. Ukimsaidia kama unavyomsaidia kufunga kiatu, atatoka nje.

Nyumbani: wiki 6 za heshima

*Dishi.* Wiki za kwanza, chakula laini na kidogo kidogo, mara 5 ama 6 kwa siku. Wali, waru zilizopondwa, ndizi, uji laini, samaki, kuku, mayai. Githeri, mahindi choma, nyama choma ngumu na mashina ya sukuma yangoje. Baada ya wiki chache, mboga na nafaka zinarudi moja moja, ili ujue ni gani inamkorofisha. Maji anywe ya kutosha. Choo kitakuwa cha ajabu mwanzoni: mara kuhara, mara kufunga. Mara nyingi kinatulia.

*Uzito.* Asibebe kitu kizito kwa wiki 6 hivi. Mtungi wa maji wa lita 20, gunia, gesi, mtoto mkubwa, hapana. Misuli ya tumbo ikiachia kabla haijashikana, henia inaingia.

*Kutembea.* Endelea. Dakika 5 mara kadhaa kwa siku, kisha 10, kisha robo saa. Kuchoka ni kawaida hata mwezi wa pili. Kuchoka si uvivu, msimseme.

*Kuendesha gari ama boda.* Asirudi hadi aweze kufunga breki ya ghafla bila kuogopa maumivu, na awe hatumii dawa za kulewesha.

*Dawa za duka.* Usinunue tu vidonge vya maumivu vya rangi rangi. Vingine havifai kwa tumbo ama figo kwa wakati huu. Uliza kwanza.

*Kichwa na chumbani.* Kulia bila sababu, hasira, kutotaka wageni, kukosa hamu ya mapenzi, hivyo vyote hutokea. Daktari ameshasikia hayo maswali mara mia. Yaulizwe.

Rudi hosi haraka ukiona hivi

Hatari kubwa ni pale utumbo uliposhonwa kuvuja. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki ya kwanza ama ya pili, wakati mwingine mtu ameshafika nyumbani. Usingoje asubuhi ukiona:

- Joto la 38 kwenda juu, ama kutetemeka kwa baridi
- Maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua
- Tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika, hakuna hewa wala choo
- Moyo kukimbia, kuchanganyikiwa, jasho baridi
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma
- Kukosa pumzi ama kifua kuchoma ghafla
- Kidonda kutoa usaha ama harufu, ama kuachana
- Damu nyingi kwenye choo

Afadhali urudishwe nyumbani ukiambiwa ni gesi kuliko uvumilie hadi iwe marehemu alikuwa analalamika tumbo. Namba ya wodi iwe kwa simu ya kila mtu nyumbani, si ya mmoja tu.

Kwa nini haraka ni muhimu hivi

Kwa wale ambao kansa ilikuwa imefika kwa tezi, yaani hatua ya tatu, upasuaji si mwisho. Kuna kemo, na inatakiwa ianze ndani ya wiki 8 hivi. Mtu akibaki kitandani na nimonia ama kidonda kilichooza, kemo inasukumwa mbele, na nguvu yake inapungua. Zile hatua kumi za kwenda kwa dirisha ni sehemu ya kupigana na kansa.

Na kuna habari tamu. Juni 2025, matokeo ya utafiti unaoitwa CHALLENGE yalitoka. Ulihusisha watu 889 katika nchi 6, wengi Canada na Australia. Wote walikuwa wamemaliza upasuaji na kemo ya kansa ya utumbo mpana. Nusu walipewa vijitabu vya afya. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuwafuatilia na mpango wa mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai kwenye kikundi cha mazoezi walikuwa asilimia 90.3, na kwenye kile cha vijitabu asilimia 83.2.

Na mazoezi yenyewe si ya jim ya bei. Lengo lilikuwa kuongeza kiasi sawa na kutembea haraka dakika 45 hadi saa moja, mara 3 ama 4 kwa wiki. Hiyo ni kutoka stage moja hadi nyingine, unaruka mathree na kuokoa nauli.

Kliniki za kufuatilia zisikoswe pia. Kuna vipimo vya damu kila baada ya miezi kadhaa, picha, na kamera ya utumbo kwa kawaida baada ya mwaka mmoja. Kama aliyepasuliwa ni mzazi wako, ndugu au dada, basi na wewe hatari yako iko juu kidogo. Mwambie daktari, uulize utaanza kupimwa ukiwa na miaka mingapi. Na ukiona damu kwa choo, usijiambie kila siku ni bawasiri.

Kwa hivyo kesho anti akisema "mwacheni alale," mpe kiti, mpe chai, umwambie asante. Halafu mshike buda mkono, mhesabu pamoja hatua kumi hadi dirishani. Keshokutwa iwe ishirini.

Unajua mtu anaingia thieta wiki hii? Mtumie hii kwa ile grupu ya WhatsApp, kabla ya ushauri wa jirani kufika.